Chai Itangulie Viboko

Ilikuwepo nchi moja, na kama hawajaiuza bado ipo, ambayo sitaitaja jina kwa sababu nina mgongo mmoja tu na ninaupenda. Nchi hiyo ilikuwa na amani nyingi mno. Amani ilizagaa kila mahali: kwenye vizuizi vya barabarani, juu ya mapaa ya benki, na katika ua wa kila wizara, ambako ilisimama na virungu mkononi ikimsubiri mtu wa kumtuliza.

Katika nchi hiyo barua pepe zilikuwa zinavaa. Msishangae. Sheria ya Heshima ya Barua ilisema wazi kwamba neno la serikali halitoki nje likiwa uchi. Kila barua pepe, hata ya kuomba karatasi za chooni, ilitakiwa kuwa na ukingo wa dhahabu, bendera inayopepea kwenye kona ya juu, picha ya Mtukufu akitabasamu, herufi nene za buluu kwa majina ya wakubwa, na wimbo wa taifa unaojipiga wenyewe barua inapotumwa na inapofunguliwa, ili watu wote chumbani wasimame wima wasitikisike. Ndiyo maana maofisa wa nchi ile walikuwa na miguu yenye afya. Barua isiyo na pambo, maneno meusi matupu juu ya weupe, iliitwa barua kavu, na aliyeituma alihesabiwa kuwa amemvua Mtukufu nguo hadharani.

Palikuwa na karani mmoja wa Idara ya Maji aliyeona bomba kuu limepasuka na mtaa mzima unaelea. Kwa haraka akamwandikia mkubwa wake: "Bomba limepasuka, fungeni maji." Akaituma kavu. Maji hayakufungwa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusoma, ila Askari wa Mapambo walifika mara moja. Wakamtoa ofisini kwa kumburuta miguu, kichwa chake kikigonga kila ngazi, wakamlaza uani.

"Hujui rangi, siyo?" aliuliza mkubwa wao kwa upole. "Leo utazijua."

Wakampiga kwa virungu mpaka akawa mwekundu, kisha zambarau, kisha mweusi kuzunguka macho, na walipochoka rangi zote za bendera zilikuwepo mwilini mwake, hata ile manjano ambayo wapambaji wengi huikosea. Wakampiga picha. Picha ikabandikwa katika kila chumba cha kompyuta ili iwe mfano wa mpangilio mzuri. Mwenyewe alizikwa na Idara ya Maji, kwenye matope.

Sikudhani binti Mshamu aliikuta picha hiyo kila asubuhi juu ya meza yake, na kila asubuhi aligeuza macho akaanza kazi. Kazi yake ilikuwa ya heshima kubwa. Alikuwa Mpumzishaji wa Maneno.

Nieleze. Mtukufu hakosei; hilo lilikuwa kwenye katiba, ukurasa wa kwanza. Sasa mtu asiyekosea akisema jambo, kisha akabadili nia, lile la kwanza unalipeleka wapi? Ukilifuta umesema halikufaa, na ukisema halikufaa umesema alikosea, na ukisema alikosea unakwenda uani. Kwa hiyo neno la Mtukufu halikufutwa kamwe. Lilipumzishwa. Sikudhani alilichagua kwenye kompyuta, akabofya, na mstari mwembamba ukapita katikati ya herufi zote. Neno lilibaki pale pale, linasomeka, lina heshima zake kamili, ila limelala. Kila ofisa aliyeona mstari alijua kwamba hayo hayatekelezwi, akaruka akasoma yaliyofuata.

Na Mtukufu alibadili nia sana, maana alitoa amri zake mezani, wakati wa chakula cha mchana. Kwenye supu alikuwa ana njaa, na watu walinyongwa. Kwenye nyama walipigwa viboko tu. Kwenye matunda alikuwa ameshiba, na watu wale wale walipewa chai. Sikudhani aliketi nyuma ya kiti chake na kompyuta magotini akiandika yote, kisha akiyapumzisha ya supu na ya nyama. Aliamini kwamba kila mstari wake ulikuwa mgongo wa mtu uliobaki mzima. Bila imani hiyo asingeweza kumeza chakula chake mwenyewe.

Mwenzake wa meza ya pili, Bwana Mwinshehe, aliwahi kufuta. Alifuta "lakini" moja tu, ambayo Mtukufu aliitamka mara mbili kwa sababu ya mfupa. Walimkata vidole viwili uani kwa mkasi wa kukatia utepe wa uzinduzi, bendi ikipiga. Tangu hapo Bwana Mwinshehe aliandika kwa vilivyobaki, na hakuna aliyemsikia akilalamika kuhusu kibodi.

*

Sikudhani alikuwa na mdogo wake mmoja, Idarusi, ambaye alimlea kwa mgongo wake mwenyewe tangu mama yao afariki. Idarusi alikuwa mwalimu huko Kikomo, wilaya ya mwisho kabisa, mahali ambapo barabara huchoka na kulala. Kikomo palikuwa na mnara mmoja wa mtandao, umeinama, na mtandao wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba barua yenye dhahabu na bendera na wimbo haikuweza kutoka kule. Ilikwama njiani, ikazunguka, ikafa. Maneno makavu tu ndiyo yaliyopenya.

Idarusi aliandika kwa Wizara ya Elimu akiwa kwenye simu yake: "Wanafunzi wana njaa. Wawili wameanguka darasani leo. Leteni unga." Hakuweka hata ukingo.

Waziri alipoifungua alipiga yowe, akafunika macho, akaomba kikombe cha maji. Siku ya pili yake askari wa ngome ya Kikomo walimvunja Idarusi mkono mbele ya darasa, mkono ule ule alioandikia, wakamtupa katika chumba cha chini cha ngome ambamo hata kusimama hakuwezekani. Unga haukupelekwa, kwa kuwa ombi lenyewe halikuwa limevaa.

Sikudhani aliposikia hakulia mbele za watu. Kulia ofisini kulihitaji kibali. Alisubiri Sikukuu ya Kuzaliwa Mtukufu, siku ambayo misamaha hutolewa, na akamwomba mkuu wake, Mkurugenzi wa Mapambo Bwana Kitambi Masanja, amwingize mdogo wake kwenye majina ya siku hiyo. Mkurugenzi alikubali, kwa sababu Sikudhani ndiye aliyekuwa akimwandikia hotuba zake zote.

Siku ikafika. Supu ikaletwa.

"Mwalimu Idarusi," alisoma Mkurugenzi. "Alituma barua kavu, Mtukufu."

"Apigwe risasi alfajiri," alisema Mtukufu, akapuliza kijiko.

Sikudhani akaandika. Ikaja nyama, na Mtukufu hakusema kitu, alikuwa anang'ang'ana na paja la kuku. Yakaja matunda. Mtukufu akauma embe, akafumba macho, akajisikia mwema.

"Ah, mwalimu yule," alisema. "Aachiwe huru. Siku ya kuzaliwa ni siku ya furaha bwana!"

Wote wakapiga makofi. Sikudhani akachagua maneno ya supu, akabofya, na mstari ukapita juu ya risasi na juu ya alfajiri. Hajawahi kupiga mstari kwa mapenzi kama ule. Barua ikapelekwa chumba cha pili ili ivishwe dhahabu yake, na ikawa itatumwa jioni.

*

Mchana huo huo mzee mmoja aliingia ofisini akiwa ameshika birika tupu la bati. Shati lake lilikuwa limegandamana na mgongo kwa damu iliyokauka, na alikaa kwenye ukingo wa kiti bila kuegemea. Alijitambulisha kuwa ni Jumbe Kasindi, jumbe wa watu wa Kikomo, na kwamba ametembea njia yote kuleta shukrani.

"Shukrani za nini, mzee wangu?" aliuliza Sikudhani.

"Za chai, mwanangu. Kila mara mnatukumbuka. Sukari mnatia ya kutosha, majani ni mazuri. Hatuna neno." Akakohoa, akatazama chini. "Ila wazee wamenituma niombe kitu kidogo. Hatukatai viboko, mwanangu. Serikali ni mzazi, na mzazi anapiga. Tunaomba tu, kama Mtukufu ataridhia, chai itangulie. Maana ikija baada ya viboko, wengine wanakuwa hawawezi kuishika."

"Viboko gani?"

"Vile vya kwenye amri! Kapteni Ngwengwe anatusomea mwenyewe pale uwanjani, herufi za kijani kwenye kioo cheusi. 'Watu wa Kikomo wapigwe viboko hamsini wapewe chai.' Basi tunavua mashati, tunapigwa hamsini, tunapewa chai. Ni mtu mwaminifu sana yule Kapteni. Haruki neno."

Sikudhani alikumbuka barua hiyo. Alikumbuka hata namna mstari ulivyopita juu ya viboko, mwembamba, umenyooka.

"Na mstari?" aliuliza. "Hapakuwa na mstari juu ya maneno, mzee? Dhahabu? Bendera? Picha?"

"Picha ya nani?" alisema Jumbe Kasindi. "Sisi tunapata maneno, mama. Mapambo hatujawahi kuyaona. Mnara wetu hauna nguvu za kubeba hayo."

Akaongeza kwa heshima: "Hata waliosamehewa mwaka jana, tulishukuru. Walipigwa risasi asubuhi, wakaachiwa huru baada ya hapo. Tuliwazika wakiwa watu huru kabisa."

Sikudhani alielewa. Miaka yote ile ya mistari, na Kikomo hakuna mstari hata mmoja uliofika. Kila alichokilaza yeye hapa kiliamka kule na kuua. Alichukia mikono yake wakati ule, akaiweka chini ya meza ili asiione.

Alimkimbilia Mkurugenzi, akamweleza mbele ya mzee. Mkurugenzi alisikiliza huku akikata kucha.

"Bi Sikudhani," alisema, "unataka kuniambia kwamba ndani ya nchi hii kuna mahali ambapo barua ya Mtukufu inafika kavu?"

"Kikomo, Mheshimiwa. Kila barua."

"Haiwezekani. Barua kavu zimepigwa marufuku."

"Lakini mzee huyu..."

"Mzee huyu anasema amemwona Mtukufu akiwa uchi. Kila wiki!" Mkurugenzi akainuka, uso umemvimba. "Tena anakuja kubadilisha mpangilio wa amri! Chai itangulie! Keshokutwa atataka bendera iwe upande wa kushoto!"

Akaita askari. Walimlaza Jumbe Kasindi pale pale ofisini, juu ya zulia lenye nembo ya taifa, wakampiga juu ya vidonda vya zamani mpaka shati na ngozi vikawa kitu kimoja. Walipomaliza alijaribu kuinuka, akashindwa, akanyoosha birika lake. Mkurugenzi, ambaye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, akaagiza apewe chai.

Sikudhani alirudi mezani kwake. Barua ilikuwa imekwisha kuvishwa. Iling'aa: dhahabu, bendera, Mtukufu anatabasamu, na chini yake maneno yenye mstari yakifuatiwa na yasiyo na mstari. Kavu, kule Kikomo, ingesomeka hivi: Mwalimu Idarusi apigwe risasi alfajiri aachiwe huru.

Alimtazama Bwana Mwinshehe. Bwana Mwinshehe alitazama vidole vyake vilivyobaki, kisha akageuza kiti chake, akaangalia ukuta.

Sikudhani akafuta. Neno moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele. Alfajiri ikaondoka. Risasi ikaondoka. Yakabaki maneno manne tu: Mwalimu Idarusi aachiwe huru. Akatuma, wimbo wa taifa ukapiga, wote wakasimama, na hakuna aliyesoma, kwa kuwa katika nchi ile macho yote huishia kwenye dhahabu.

*

Majibu ya Kapteni Ngwengwe yalifika kesho yake. Wanajeshi waliruhusiwa kuandika kavu, kwa sababu pambo la askari ni bunduki. Barua zao zilivishwa nguo mlangoni, na mvishaji wa siku hiyo alikuwa Sikudhani. Akaifungua yeye wa kwanza.

"Amri imepokelewa," aliandika Kapteni. "Ilifika ikiwa na upungufu: sehemu ya mwanzo ilikuwa imekatika. Tunaelewa matatizo ya mtandao. Kwa kuwa kila anayeachiwa huru hutanguliwa na risasi, tulijaza wenyewe sehemu iliyokosekana, kwa uzoefu. Mwalimu alipigwa risasi ukutani alfajiri. Hakufa ya kwanza, tukarudia. Saa mbili tulifungua pingu, tukamwambia yuko huru. Hakuwa na la kusema. Tunaomba wahusika wa mtandao waangalie."

Sikudhani aliisoma, akaisoma tena. Kisha, kwa kuwa askari alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, aliweka ukingo wa dhahabu. Akaweka bendera. Akalipaka jina la mdogo wake buluu, kwa herufi nyembamba, kwa sababu hakuwa mkubwa. Wimbo ukapiga naye akasimama wima, machozi yakimtiririka mpaka shingoni, na Mkurugenzi aliyekuwa anapita akaguswa sana na uzalendo wake.

"Mfano wa kuigwa," alisema Mkurugenzi. Akampandisha cheo.

Hapo ndipo kitu ndani ya Sikudhani kilipokufa, na kingine kikakaa mahali pake. Hakikuwa kitu kizuri. Kilikuwa kitulivu, na kilijua kusubiri.

*

Hakikusubiri sana. Mtukufu alisomewa ripoti za wilaya, akagundua kwamba Kikomo ndiyo wilaya pekee iliyowahi kuleta shukrani.

"Hao ndio wananchi!" alisema, kijiko cha supu hewani. "Nitakwenda mwenyewe. Lakini nikifika wote wapigwe viboko kwanza, ili wanipokee wakiwa na adabu." Akanywa supu. Akala nyama. Alipofika kwenye papai alilainika. "Basi, waacheni. Andika hivi: Mtukufu anakuja Jumapili. Apewe chai."

Sikudhani akaandika. Safari hii hakupiga mstari wowote. Alifuta ya supu yote. Barua ikatoka imevaa kama bibi harusi, na ikafika Kikomo na maneno matano: Mtukufu anakuja Jumapili. Apewe chai.

Kapteni Ngwengwe alisoma herufi zake za kijani, akakuna kidevu. Alikuwa askari wa zamani. Alijua mara moja kwamba mtandao umekata sehemu inayotangulia chai.

Jumapili msafara ukaingia. Sikudhani alikuwemo, kompyuta magotini, kwa kuwa Mtukufu hakwenda popote bila wa kuandika maneno yake. Watu wa Kikomo walikuwa wamejipanga uwanjani, wengi wao wamesimama kwa kuinama kidogo, na Jumbe Kasindi, aliyekwisha kurudi kwao, akiwa mbele na birika lake. Maji yalikuwa yanachemka kwenye masufuria makubwa. Mtukufu akashuka garini, akapunga mkono. Kapteni akapiga saluti, machozi yakimlengalenga.

"Mtukufu," alisema, "nimetekeleza amri zako miaka yote bila kuruka neno. Leo ni ngumu kuliko zote, lakini sitakuangusha."

"Vizuri sana," alisema Mtukufu, ambaye hakuwa anasikiliza.

Wakamkamata. Askari wanne, wawili mikono na wawili miguu, wakamlaza kifudifudi kwenye lile gogo ambalo Kikomo nzima ililijua kwa matumbo yake. Koti lenye nishani likapasuliwa katikati. Kiboko cha ngozi ya kiboko kikapanda juu, kikashuka, na mgongo ambao taifa lilikuwa halijawahi kuuona ukafunguka.

Mtukufu alipiga ukelele ambao haukuwemo katika katiba.

"Acha! Acheni! Nyongeni hawa! Wote! Acheni, mama yangu!"

Walinzi wake wakachomoa bunduki. Lakini Kapteni akainua mkono, akasema kwa sauti ya kanuni: "Kwa Sheria ya Heshima ya Barua, neno la mdomo si amri mpaka lipite kwenye mtandao likiwa limevaa!" Hiyo ilikuwa kweli. Mtukufu mwenyewe aliitia saini. Walinzi wakasita, wakamtazama Mpumzishaji.

Sikudhani alikuwa tayari anaandika. "Naandika, Mtukufu," alisema kwa utulivu. "Acha, acheni, nyongeni hawa, wote, acheni, mama yangu. Lipi nipumzishe?"

"Tuma!" alilia Mtukufu. Kiboko kikashuka tena, na kipande cha ngozi kikarukia nishani zilizoanguka chini. "Tuma hivyo hivyo!"

"Kavu?" aliuliza Sikudhani, macho yamemtoka kwa mshangao. "Mtukufu, hiyo ni hatia. Kuna mwalimu alikufa hapa kwa hiyo."

Akaweka dhahabu. Akaweka bendera, akahakikisha inapepea. Akaitafuta picha ya Mtukufu anayetabasamu, akaiweka katikati, akaisogeza kidogo kulia, akaisogeza kushoto. Akakoleza majina. Akatuma. Kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka kwenye kioo, na wimbo wa taifa ukaanza kupiga.

Walinzi wote wakasimama wima, bunduki ubavuni, wasitikisike. Mawaziri wakasimama. Mkurugenzi akaweka mkono kifuani. Askari wa Kikomo tu ndio walioendelea na kazi, kwa kuwa kule barua hazijawahi kufika na wimbo, na hawakujua kwamba unaposikika mtu husimama. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Kiduara kikazunguka. Mnara uliinama juu ya kilima na barua ilikuwa nzito mno.

"Imefika?" aliuliza Kapteni kwa kijana wake wa mitambo, akipumua kwa nguvu, kiboko kinachuruzika.

"Bado, afande. Hakuna kitu kwenye kioo."

"Basi tuendelee. Hesabu ilifika wapi?"

Damu ilikuwa imejaa chini ya gogo na imeanza kutafuta njia kuelekea kwenye viatu vya mawaziri, ambao hawakuweza kuvisogeza. Sauti ya Mtukufu ilipungua, ikawa ya kawaida, kama ya mzee yeyote wa Kikomo. Alimtazama Sikudhani kwa jicho moja.

"Mwanangu," alinong'ona.

"Inapambwa, Mtukufu," alijibu Sikudhani. "Subiri kidogo."

Wimbo wa taifa wa nchi ile una beti nyingi sana. Mtukufu mwenyewe ndiye aliyeziongeza.

Hamsini zilipotimia, Kapteni akafuta jasho, akapiga saluti, akamkalisha Mtukufu kitini akimshikilia mabega. Jumbe Kasindi akamimina chai. Kapteni akapiga goti, akauliza kwa adabu zote: "Sukari vijiko vingapi, Mtukufu?" Kichwa cha Mtukufu kikaangukia kifuani, kikombe kikamtoka, na chai ikamwagika juu ya nishani. Kapteni akasubiri jibu kwa muda mrefu. Kisha akatia viwili, kwa uzoefu.

*

Serikali haikuyumba. Jioni ile ile, chini ya hema, Mkurugenzi wa Mapambo alijitangaza msimamizi wa nchi na kumwamuru Sikudhani aandike kwa wilaya zote. Lakini alibabaika, akataja kwanza lile ambalo halitajwi.

"Mtukufu amekufa," alisema. Akashtuka, akajifuta jasho. "Pumzisha hiyo, haraka! Andika: Mtukufu ni mzima, kazi iendelee."

Sikudhani angeweza kufuta. Alikuwa na mazoea nayo sasa. Hakufuta. Alipiga mstari, mwembamba, umenyooka, kama zamani, akavisha barua dhahabu yake, akampa dereva wa msafara nakala akaitume ng'ambo ya kilima, kwenye mnara wenye nguvu. Kisha akafunga kompyuta, akaomba ruhusa, akaenda kwenye kaburi la mdogo wake nyuma ya ngome, akakaa chini, akalia kwa sauti bila kibali cha mtu.

Katika nchi nzima watu waliifungua barua ile wamesimama. Waliona mstari, wakaruka maneno yaliyolala, wakasoma yaliyofuata, wakaendelea na kazi, na kwa habari nilizonazo wanaendelea mpaka leo.

Kikomo pekee, kijana wa mitambo, ambaye kioo chake kilipokea maneno matupu ya barua ile mara tu ile ya Mtukufu ilipofia mnarani, aliyasoma kwa sauti uwanjani: "Mtukufu amekufa Mtukufu ni mzima kazi iendelee." Watu wakatazamana. Mwili ulikuwa pale kitini. Walielewa sehemu ya kwanza vizuri kuliko amri yoyote waliyowahi kusomewa.

Kapteni Ngwengwe aliipitia barua tena, akatafuta nani apigwe. Hakuona jina. Akaegemeza kiboko ukutani, akaketi.

Jumbe Kasindi akapita na birika, akamimina chai kwa kila mtu, kuanzia kwa watoto. Wakanywa. Walipomaliza, kwa mazoea, wakavua mashati, wakayakunja vizuri, wakajipanga kwenye mstari mbele ya gogo. Wakasubiri mpaka jua likazama, wakitazama mlango wa ngome, na viboko havikuja.